Fasili ya Ukiwa

Mzee Asili alimzika mkewe kwa somo la lugha.

Hakuna aliyelitarajia. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, majembe yamelazwa pembeni, na watu wamesimama kimya wakingoja mume wa marehemu aseme mawili matatu, awashukuru, kila mtu aende zake. Mzee akasogea mbele, akavua kofia, akakohoa. Binti yake, aliyesimama nyuma akimshikia mwavuli, alidhani sasa atalia. Badala yake mzee alisema, kwa sauti ileile anayoitumia kazini, "Msiba ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu. Asili yake ni kupata shabaha, kama mshale unavyompata mnyama. Kwa hiyo tunaposema tumepatwa na msiba..."

Na akaendelea. Akatoka kwenye msiba akaingia kwenye tanzia, akaeleza kwamba huko ilikotoka ilikuwa kumliwaza mfiwa, wala si tangazo la kifo. Akatoka kwenye tanzia akashika marehemu, yaani aliyerehemiwa. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anapiga chafya. Mwingine alimuuliza jirani yake kwa kunong'ona kama huu ulikuwa mwanzo wa hotuba au katikati.

Mama mdogo, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, alivumilia mpaka kwenye rehema. Hapo akapita kati ya watu, akaja kusimama mbele ya mzee, uso kwa uso.

"Shemeji," alisema, "dada yangu si neno la kamusi."

Akageuka akaondoka. Kaka zake wakamfuata, na wake zao, na watoto wao. Chakula walichopikiwa kililiwa na majirani, tena kwa aibu, maana sufuria zilikuwa kubwa na watu wachache.

Toka siku hiyo ukoo wa mama ulikata mguu. Wajomba hawakupiga simu, na wakipigiwa walikuwa na shughuli. Binti alijua wanachosema huko kwao, kwa sababu mke wa mjomba wake mmoja, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni, alimletea lote jinsi lilivyo: kwamba yule mzee hana moyo, ana makabati ya maneno, kwamba amekaa na dada yao miaka yote ile na alipokufa hakutoa hata chozi la kulainisha jicho.

Binti alikuwa mtu pekee aliyeelewa kilichotokea, na hakuweza kumweleza yeyote akaeleweka. Kazi yao ndiyo iliyomharibu baba yake, na ni kazi aliyoipenda yeye pia.

Walikuwa wanatunga kamusi ya shule, katika vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi asubuhi na kukaa nao kutwa, na mgeni aliyefika mara ya kwanza aliumwa kichwa kabla hajaketi. Kando ya ukuta mmoja yalipangwa maboksi ya viatu yaliyojaa kadi. Maneno yaligawanywa kwa mafungu: vyombo vya jikoni boksi lake, ndege boksi lake, magonjwa boksi lake. Binti aliandika fasili, yaani maelezo ya maana. Mzee alitafuta neno lilikotoka, na ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka tena jina lake la kuzaliwa. Kijana wa kupanga kurasa, Nukta, alikaa karibu na dirisha na kompyuta yake. Hakuitwa Nukta kwa ufupi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu akianza kusema haweki.

Na mama, mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye aliyekuwa akikisia.

Hapo ndipo kazi yao ilipotofautiana na ya watu wengine. Binti akishaandika fasili, hakuiamini mpaka ameisoma kwa sauti bila kulitaja neno, na mtu ambaye hajaiona alikisie. Mama akilipata papo hapo, kadi imepita. Akisita, akasema "Hilo au lile," kadi inarudi kuandikwa upya. Hakuwa na huruma. Siku moja binti alisoma, "Kifaa kinachozunguka mahali pamoja na kutoa upepo," akitegemea kusikia pangaboi.

"Baba yako," mama alijibu bila kuinua kichwa, "akishashika asili ya neno."

Nukta alicheka mpaka akateremka kwenda kunywa maji. Mzee naye alicheka, kisha akaeleza asili ya neno kifaa. Kadi ikarudi.

Sasa aliyekisia ni Nukta, na Nukta alikuwa amelelewa na mpira. Alisomewa fasili ya ghasia akajibu penalti. Alisomewa ya subira akajibu golikipa wa akiba.

"Bila mama nabahatisha tu, dada," alisema siku moja, akipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Wewe mwenyewe unaona."

"Naona."

"Na limebaki boksi lile."

Lile lilikuwa fungu la maneno ya majonzi. Mama ndiye aliyelisukuma mwisho alipoanza kuugua. Alisema mtu hawezi kuandika hayo huku anameza vidonge. Mchapishaji alikuwa ameshauliza mara kadhaa. Basi binti alikuwa akijikaza, anaandika moja moja. Huzuni ilimwia rahisi, kwa kuwa inaingia kila mahali, hata kwa mtoto aliyenyimwa pipi. Majonzi alitaka yaonekane machoni. Simanzi aliiandika kama uzito unaokaa kifuani bila kutoa sauti. Mzee alimletea asili zake kwa zamu, kwa mwandiko wa kulala, bila kubadilika uso: huzuni ni Kiarabu, uchungu ni wetu kabisa, umetoka kwenye ladha, na ndio uleule wa mama anapojifungua. Kwenye simanzi alikwama. Alipekua vitabu vyote vilivyokuwamo chumbani, akakaa akiitazama kadi tupu kama mtu aliyesahau jina la mwanawe, mwishowe akaandika: haijulikani. Siku hiyo alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa muuza karanga.

Ndipo mama mdogo alipopiga simu. Hakumpigia mzee, alimpigia binti.

"Kesho napita hapo kazini kwenu. Nataka vitu vya dada vilivyobaki. Shali yake, kikombe, miwani, chochote."

"Karibu, mama mdogo. Utatukuta wote."

"Sikuulizia nani yupo. Nikishachukua, mwanangu, kwa baba yako sina safari tena. Wala wajomba zako hawana. Tumeshakaa tukasema. Wewe ukitaka kuja kwetu, mlango ni wako. Yeye hapana."

Binti alibaki ameishika simu. Sauti ile ilikuwa ya mama yake, na mkwaruzo uleule mwishoni mwa sentensi. Alikuwa ameshazika mmoja. Kama mama mdogo angekata kamba kesho, ingembidi kila sikukuu, kila harusi, kila mtoto anayezaliwa, achague aende upande gani na amwache baba yake na nani. Na baba yake hakuwa na mtu mwingine. Ndugu zake mwenyewe walishakwisha. Marafiki zake walikuwa vitabu.

Akaenda kwenye meza ya baba yake.

"Baba, kesho mama mdogo anakuja."

"Vizuri."

"Si vizuri. Anakuja kuchukua vitu vya mama, na anakuja kukuaga. Nakuomba kitu kimoja. Akiingia, mwambie pole. Neno moja tu."

Mzee aliweka kalamu chini. "Pole ni neno zuri," alisema. "Ni letu. Limetoka kwenye upole, kwenda taratibu, yaani unamwambia mwenzio asiukimbilie uchungu wake..."

"Baba."

"Naam?"

"Hicho ndicho ninachokuomba usifanye."

Alimtazama binti yake kwa macho ya mtu aliyeamshwa. "Nimefanya nini?"

Hakuwa anatania. Binti alimtazama ukosi wa shati, uliochakaa na kupinda. Lilikuwa moja kati ya mashati mawili aliyokuwa akiyapokezanisha tangu mazishi. Alidhani ni uvivu wa mwanamume asiyezoea kufua. Akarudi kwenye kadi zake, na maneno yakacheza machoni pake.

Mama mdogo alikuja na mfuko mkubwa wa kitambaa, viatu vyake vikilia kwenye ngazi za mbao. Alikuwa mwanamke mnene, mshonaji, mwenye mikono ya kazi na ulimi usiohitaji kunolewa. Alisalimia chumba, hakusalimia mtu.

"Hamjambo."

"Hatujambo, mama, shikamoo," Nukta alirukia. "Karibu, hapa pana kiti, ile rangi ya chini usiijali, ukikaa kidogo pua inazoea, mimi mwenyewe nilipoanza..."

"Marahaba. Sikai."

Mzee alisimama. "Karibu, shemeji."

"Nimeshakaribia." Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dada yake, akafungua mfuko, akaanza kutia vitu. Shali. Miwani. Kikombe alikigeuza kwanza, akatazama doa la chai ndani yake, akakifunga kwenye shali taratibu mno. "Leo neno gani, shemeji? Maana sipendi nitoke hapa mjinga. Nipe na asili yake."

Mzee alifumbua mdomo. Binti aliona kidevu kikipanda, kifua kikijaa pumzi, kama pale makaburini. Alijua kabisa kinachokuja: shali. Mzee alikuwa anaitazama shali, na shali lilikuwa neno la Kiajemi.

"Mama mdogo," binti alisema haraka, "kuna kadi imenikwama. Naomba unikisie."

Mama mdogo aligeuka polepole. "Nikukisie?"

"Kama alivyokuwa akifanya mama."

"Najua alivyokuwa akifanya. Alinisumbua kwenye simu usiku na mchana na hayo mambo yenu. Mimi niko kwenye cherehani, yeye ananiuliza mdudu gani mwenye miguu kumi." Lakini mkono wake ulikuwa umetulia juu ya mfuko. "Moja tu. Kisha naondoka."

"Moja tu."

Binti akaichukua kadi. Kwa kweli haikuwa imekwama. Alikuwa ameimaliza asubuhi ile na hakuna aliyeisikia. Akasoma:

"Hali ya mahali palipokuwa na mtu na sasa hayupo; pia ya mtu aliyebaki mahali hapo."

Chini, dukani, mtu alikuwa akigonga kifuniko cha ndoo.

"Uwanja," Nukta alisema, kisha akajuta. "Baada ya mechi, namaanisha. Watu wameshaondoka. Haya, nyamaza, Nukta."

Mdomo wa mama mdogo ulicheza upande mmoja, ukakazana tena. Alikuwa bado anafikiri wakati mzee aliposema, "Nyumba yangu."

Mzee alikuwa ndiye mwenye kujua kila neno la boksi lile. Neno lilikuwa ukiwa, na kadi ya asili yake aliiandika mwenyewe juzi. Binti alingoja ajisahihishe.

"Nyumba yangu," mzee alirudia. Aliketi, kwa kishindo, kana kwamba kiti kilikuwa mbali kuliko alivyodhani. "Nikiingia jioni nasema, nimekuja. Kila siku nasema. Nikishasema ndiyo nakumbuka. Nikichemsha maji yanakuwa mengi, nayamwaga. Miwani nikiipoteza nauliza. Nauliza kwa sauti, shemeji, mtu akipita nje atadhani mna watu humo."

Mama mdogo hakutikisika.

"Na chumbani sijaingia."

"Hujaingia vipi?"

"Toka mlipomtoa. Nalala kwenye kochi."

Binti aliona mashati mawili. Aliona ukosi ule uliopinda, na kwamba nguo zote za baba yake zilikuwa ndani ya kabati la chumba cha kulala, nyuma ya mlango ambao mzee hakuufungua. Na yeye, anayelipwa kutazama maana za vitu, alikuwa amepita sebuleni kwake kila Jumapili, akanywa chai, akaona mto na shuka vimekunjwa kwenye pembe ya kochi, asijiulize.

"Sasa," mama mdogo alisema, na sauti yake haikuwa laini hata kidogo, "kwa nini hukusema hivyo siku ile? Ndugu zake wote wamesimama juani, wanangoja neno moja kwako. Moja. Tunataka kusikia kama aliishi na mtu. Wewe unatuambia mshale umempata mnyama."

"Nilisimama pale nikatazama udongo," mzee alisema. "Mdomo ukakauka. Nikatafuta kitu chochote ninachokijua. Hicho ndicho nilichokipata." Akanyoosha viganja vyake mezani, akavitazama. "Neno nikijua lilikotoka, halinitishi. Nimeishi hivyo. Yeye alikuwa ananicheka kwa hilo. Nilidhani nikiwaeleza na ninyi hamtaogopa."

Nukta alisimama, akasema anakwenda kununua maji, akateremka bila kusema la ziada. Kwa Nukta hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote.

Mama mdogo alikaa mwishowe, si kwenye kiti alichokaribishwa bali pembeni mwa meza, kama mtu anayepumzisha mguu kabla ya safari. Alipumua kwa nguvu. Alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, jinsi mshonaji anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya, akipima kama inafaa kurekebishwa au ni kutupa.

"Nguo zake ziko humo?"

"Zote."

"Na shuka? Zile alizolalia?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Ee Mungu wangu, mwanamume huyu." Alinyanyuka, akautupia mfuko begani. "Simama. Twende. Mwanangu, chukua funguo, baba yako huyu atazitafuta mpaka kesho."

Nyumba haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, mama mdogo mbele, mzee katikati kama mtu aliyekamatwa, binti nyuma. Walipofika mlangoni binti alifungua, wakaingia, na mzee, kwa mazoea, akafumbua mdomo aseme kuwa amekuja. Akaufunga. Mama mdogo alimwona.

"Sema," alisema. "Nani kakukataza?"

Mzee akasema. Sauti ilimtoka ndogo, ikafika jikoni, ikaishia huko.

Chumba cha kulala kilikuwa mwisho wa ukumbi mfupi. Mama mdogo hakubisha wala hakusita. Alishika kitasa akasukuma, akavuka hadi dirishani, akalifungua kwa ngumi kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba. Hewa iliyofungiwa ikatoka, na ndani yake dawa ya kuchua, vumbi, na mafuta ya nywele ya mama. Binti ilimbidi ashike fremu ya mlango. Kitanda kilikuwa vilevile, shuka limevutwa upande mmoja na wale waliombeba. Juu ya mto palikuwa na shimo dogo la kichwa.

Mama mdogo aliliona na yeye. Mikono yake, iliyokuwa imeshanyooshwa kutandua shuka, ilisimama hewani. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile binti alimwona amekosa la kufanya.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Njoo wewe. Huu ni wako."

Mzee alikuwa bado ukumbini. Alikuja hatua kwa hatua, mkono ukutani, akapita kando ya binti yake, akafika kitandani. Aliuinua mto kwa mikono miwili, kwa hadhari, kama kitu kilichojaa hadi pomoni. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Midomo yake ilikuwa inatembea, na binti, aliyemfahamu, alijiandaa. Alisikia kabisa sauti ya kazini inakusanyika kooni.

Haikutoka. Kilichotoka kilikuwa kizito na hakikuwa na herufi ndani yake. Mzee aliinama juu ya mto akalia kwa sauti, mabega yakimpanda na kumshuka, bila aibu, bila kujificha, akimwita mkewe kwa jina ambalo binti hakuwahi kulisikia, la wakati wa ujana wao pengine, kabla yeye hajazaliwa. Binti alitaka kwenda. Mama mdogo akamzuia kwa kiganja.

"Mwache. Amechelewa, lakini amefika."

Wakasimama pale wote wawili. Binti naye machozi yalikuwa yanamteremka, na aligundua kwamba hakuwa akitafuta tofauti kati ya neno lolote na jingine. Baadaye mama mdogo alimkalisha mzee kwenye kochi, akapita kukusanya shuka, akaweka maji jikoni yachemke, mengi. Kisha akatoka barazani na simu, akauacha mlango wazi. Binti alimsikia akizungumza na mjomba mkubwa.

"Niko kwa shemeji... Ndiyo, kwake, nyumbani. Leo nalala huku na huyu mtoto. Kesho njooni wote, na wake zenu, kuna kazi ya chumba." Akanyamaza, akasikiliza. Kutoka ndani mzee bado alisikika. "Yupo, ndiye huyo unayemsikia... Hapana, kaka. Hafundishi mtu. Analia."